Pure Data: jina moja, njia tatu

Mdogo wangu anapiga kinanda mu kwaya. Rafiki mmoja alimpa faili ya muziki iliyotengenezwa miaka ya nyuma na Pure Data. Kuifungua: visanduku vingine vimezungukwa na mistari ya kukatika-katika, sauti hakuna. Akafikiri kompyuta imekufa. Kumbe shida ilikuwa toleo.

Pure Data, ao Pd, ni programu ambamo hauandiki kurasa za kodi. Unaweka visanduku, unaviunganisha na nyuzi. Kisanduku osc~ chenye namba 440 kinazaa sauti, dac~ inaipeleka ku bafle. Basi.

Aliyeianzisha ni Mmarekani Miller Puckette. Katikati ya miaka ya 1980 alikuwa Paris, ku IRCAM, akatunga programu Max. Kuanzia 1990 kampuni Opcode ikaiuza. Puckette alirudi Marekani 1994, ku Chuo Kikuu cha California, San Diego, na 1996 akatoa Pd: ya bure, kodi yake wazi.

Toleo lake njo linaitwa vanilla. Ni dogo, na Puckette anachunga sana ili kazi za zamani ziendelee kufunguka. Lakini watu walitaka zaidi: video, vifaa vya nje, na mengine. Hapo Hans-Christoph Steiner akaongoza Pd-extended: maktaba nyingi mu mfuko mmoja. Wanafunzi wengi waliipenda juu kila kitu kilikuwa tayari. Ila kubeba mzigo huo kunaomba mikono mingi kila siku. Toleo la mwisho, 0.43.4, lilitoka 2013. Kisha kimya.

Njia ya tatu ilitoka Virginia Tech, kwenye okestra ya kompyuta iliyoanzishwa 2009 na Ivica Ico Bukvic. Waliitengeneza Pd yao, Pd-L2Ork. Toka hapo Jonathan Wilkes akazaa Purr Data: sura mpya, na maktaba nyingi ndani.

Na vanilla? 2016, toleo 0.47 liliingiza deken: unatafuta maktaba unayohitaji, unaishusha hiyo tu. Toleo dogo likapata faida ya lile kubwa, bila kubeba mzigo wake.

Faili ya mdogo wangu ilizaliwa mu Pd-extended. Tuliweka vanilla, tukasoma majina ya visanduku vilivyokosa, tukaleta maktaba na deken. Viwili havikupatikana, tukavijenga upya na visanduku vya kawaida. Sauti ikatoka.

Siye wa agronomia tunajua: mfuko wa mbegu bila jina la aina na msimu, mwaka kesho haujui unapanda nini. Kazi ya kompyuta ni vilevile. Ukimaliza memwari yako, andika ndani: programu gani, toleo gani, maktaba gani. Dakika mbili tu. Na wewe, kazi yako ya 2015 ingali inafunguka?