Ramani ya Kubuni (mtihani)

Ramani ya kubuni ni mchoro wa eneo lisilokuwepo duniani, uliotumika kupima jiografia katika karatasi ya Maarifa ya Jamii ya mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya. Mtahiniwa wa Busia alitafuta mto unaelekea wapi, akapima barabara kwa skeli, akatambua dini ya wakazi kwa alama ya msikiti na kazi zao kwa kinu cha pamba. Ubora wa ramani hiyo ulikuwa huu: hakuna aliyewahi kufika huko, hivyo kukariri hakukumfaa mtu. KCPE ilianza mwaka 1985, ikafanywa mara ya mwisho 2023.