Ndoa za Walioachwa Huru Pemba

Sisi Wakristo wa Pemba tu wachache, na historia yetu hapa haianzii katika majengo ya kanisa. Inaanzia katika mashamba ya karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikatoka kisiwani kwetu. Waliopanda na kuchuma walikuwa zaidi watumwa walioletwa kutoka bara.

Mtumwa aliweza kuoa, lakini kwa idhini ya bwana wake. Mtoto wa wazazi watumwa alikuwa mali ya bwana wa mama yake. Kwa hiyo baba aliweza kumpenda mwanawe, asiweze kumlinda.

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria. Hata hivyo, ilimpasa mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Masuria walihesabiwa kama wake, wakaachwa nje, ila aliyethibitisha kutendewa ukatili. Walingoja hadi amri ya mwaka 1909.

Mwaka huohuo wa 1897 alifika Theodore Burtt, aliyetumwa na Marafiki wa Uingereza, wanaojulikana pia kama Quaker. Wakaanzisha kazi yao Banani, karibu na Chake Chake, kwenye shamba ambalo watu huru walifanya kazi kwa ujira.

Uhuru wa mahakamani ulimhusu mtu mmoja mmoja. Familia ilibidi waijenge wenyewe. Hapo ndipo tunapoona thamani ya ndoa mbele ya kusanyiko. Kwa desturi ya Marafiki, hakuna mchungaji anayefungisha. Bwana na bibi arusi husimama, huahidiana mbele za Mungu, na waliohudhuria hutia sahihi cheti kama mashahidi. Kwa mtu aliyetekwa utotoni, asiye na baba wala mjomba wa kumsimamia, mashahidi hao ni ukoo mpya. Na hakuna bwana anayeombwa ruhusa.

Leo wengi wetu tukiulizwa asili, tunahesabu hadi babu, kisha tunanyamaza. Wazee walificha neno utumwa kwa kuona haya, na baadhi ya jirani zetu Waislamu wanabeba ukimya huohuo. Lakini aibu si ya aliyeuzwa. Injili ya Mathayo huanza kwa orodha ya majina, na ndani yake wamo Rahabu na Ruthu, wanawake wa mataifa mengine. Mungu hakuwafuta.

Basi tuwaulize wazee wetu wangali hai: bibi alitoka wapi, aliolewa na nani, nani walikuwa mashahidi. Tuyaandike majina hayo katika daftari za kanisa, pamoja na yale machungu yake. Wale waliohesabiwa kama mali waliahidiana kama watu huru. Watoto wetu wana haki ya kulijua hilo.