Herufi bubu katika Kiingereza

Herufi bubu ni herufi inayoandikwa katika neno lakini haitamkwi, kama k ya "knife" au p ya "receipt". Ni chimbuko kubwa la makosa ya tahajia na matamshi katika Kiingereza, hata kwa wenyeji wa lugha hiyo.

Asili

Nyingi hazikuzaliwa bubu. Hapo kale k ya "knight" ilitamkwa, na gh yake ilikaribia kh ya Kiarabu. William Caxton alipoweka mtambo wa kupiga chapa Westminster mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda ilhali matamshi yalikuwa yangali yanabadilika. Sauti zikadondoka, herufi zikabaki.

Nyingine zilichomekwa na wasomi waliohusudu Kilatini kupita kiasi. Neno "debt" liliingia kutoka Kifaransa likiwa "dette". B ikaongezwa ili lifanane na debitum la Kilatini. Shakespeare aliwakejeli wasomi hao katika tamthilia ya Love's Labour's Lost, ambamo mwalimu Holofernes anaghadhibika kwa sababu watu hawaitamki b hiyo. Kisa cha "island" ni kibaya zaidi: neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale, halina undugu na insula la Kilatini, na s yake ilitiwa kwa kudhani tu kwamba upo.

Majaribio ya marekebisho

Noah Webster, katika kamusi yake ya mwaka 1828, aliimarisha "color" na "center" nchini Marekani, ila "tung" badala ya "tongue" haikupata wafuasi. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliamuru matbaa ya serikali ifuate tahajia iliyorahisishwa ya maneno 300. Magazeti yalimdhihaki, Bunge likagoma, na amri ikaondolewa kabla mwaka haujaisha. Mwandishi George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha wosia wa fedha za kubuni alfabeti mpya kabisa. Ilibuniwa, na hutumiwa na wachache mno.

Afrika Mashariki

Msomaji wa Kiswahili amezoea kutamka kila herufi aionayo, hivyo b ya "plumber" na l ya "salmon" husikika mara kwa mara.

Hali ya sasa

Waingereza wengi siku hizi huitamka t ya "often", iliyokuwa imenyamaza kwa muda mrefu, na kamusi zinakubali matamshi yote mawili.