Dohani Iliyosamehewa

Ukizipitia amri na sheria za Uingereza dhidi ya moshi, tangu enzi za Mfalme Edward I hadi miaka ya 1920, mtuhumiwa ni yule yule: mwenye tanuru, mpika bia, mwenye kiwanda. Mwanzoni mwa karne ya 14 amri ya mfalme iliwakataza wachoma chokaa wa London kutumia makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli kutoka kaskazini-mashariki. Mwaka 1661 John Evelyn alimwandikia Charles II kijitabu kizima juu ya moshi wa jiji, Fumifugium, akawataja wapika bia, watia rangi nguo, wachoma chokaa na wachemsha chumvi na sabuni, akashauri wahamishiwe nje ya mji. Alitaka pia jiji lizungushiwe mimea ya maua yanayonukia, pendekezo la mpenda bustani zaidi kuliko la mtawala. Moto wa majikoni aliutoa lawamani waziwazi. Nadhani msamaha huo, uliorudiwa kizazi baada ya kizazi, ndio ulioiacha London katika masizi kwa karibu miaka mia tatu zaidi.

Masizi ni kaboni ambayo moto umeshindwa kuimaliza. Tanuru la kiwandani, likiwa na mchochea moto anayeijua kazi yake, huwaka kwa joto kali na hewa ya kutosha, hivyo gesi nyingi za makaa huungua kabla ya kutoka juu. Meko ya sebule ya Kiingereza yalikuwa kinyume: madogo, wazi kwa mbele, joto jingi likipotelea dohanini. Kila koleo la makaa mabichi lilipomwagwa juu ya kaa zilizokolea, moto ulififia kwa juu, lami na gesi zikatoka bila kuungua, na moshi mzito ukatoka kwenye dohani fupi, karibu kabisa na pua za watu. Chembe za masizi hazionekani mojamoja kwa macho, lakini kila moja hunyonya mwanga badala ya kuupitisha. Nyumba laki kadhaa zikifanya hivyo asubuhi moja ya Desemba isiyo na upepo, maduka huwasha taa saa sita mchana.

Sheria ya Afya ya Umma ya 1875 iliuandika msamaha wa Evelyn kwa wino. Iliihesabu kuwa kero dohani yoyote itoayo moshi mweusi kupita kiasi, isipokuwa dohani ya nyumba ya mtu binafsi. Tena neno “mweusi” liliwapa mawakili wa viwanda mwanya wa kubishana juu ya rangi. Mtu atasema watunga sheria hawakujua. Walijua. Mwaka 1880 Rollo Russell, mwana wa waziri mkuu wa zamani, alichapisha kijitabu kuhusu ukungu wa London akiyanyooshea kidole meko ya nyumbani. Hata hivyo sheria mpya ya 1926 iliziacha nyumba kama zilivyokuwa. Sababu haikuwa ujinga. Mkaguzi kuingia sebuleni kwa mpiga kura ni jambo ambalo wabunge wachache wangelitetea, na moto ule wa wazi ulikuwa kiti cha heshima cha familia.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini: mwenye chumba kimoja angewasha nini kingine? Hilo ni kweli, na ndiyo maana marufuku tupu isingefaa. Lakini serikali nayo iliuendeleza moshi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia makaa bora yaliuzwa nje kutafuta fedha za kigeni, na Desemba 1952 wananchi waliruhusiwa kununua bila mgao chenga duni za makaa. Kati ya tarehe 5 na 9 ya mwezi huo ukungu ulilifunika jiji. Katika ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la La Traviata lilikatizwa kwa kuwa watazamaji hawakuliona jukwaa. Vifo vilikadiriwa kuwa 4,000. Makadirio ya baadaye yamefika 12,000. Kamati ya uchunguzi ya Hugh Beaver ikautaja moto wa nyumbani, na Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ikaanzisha maeneo yasiyoruhusiwa moshi huku ikimlipia mwenye nyumba angalau sehemu saba kati ya kumi za gharama ya kubadili meko yake. Fedha hiyo ndiyo waliyoikosa wafalme.

Wapo wanaosema muuaji wa 1952 alikuwa dioksidi ya salfa, masizi yakasingiziwa. Vyote viwili vilitoka kwenye makaa yale yale, na kuvitenganisha si rahisi. Lakini Desemba 1962 ukungu mwingine ulishuka: salfa ilikaribia ile ya miaka kumi nyuma, moshi ulikuwa pungufu sana, na waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Tahadhari zilizotangazwa huenda zilisaidia; sidhani zinatosha kueleza tofauti yote. Hata leo serikali huugusa moto wa sebuleni kwa tahadhari. Makaa ya mawe ya nyumbani yaliyofungwa kwenye mifuko yalipigwa marufuku kuuzwa Uingereza Mei 2021, lakini majiko ya kuni, ambayo sasa ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya chembechembe laini hewani, yanaendelea kuwashwa, na zile kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo zinatakiwa tu ziwe kavu.