Kindi Mgonjwa na Ndui ya Nyani

Sisi watu wa Kailo twaishi na msitu nyuma ya nyumba, na nyama ya porini hupita kwa baiskeli ikienda sokoni Kindu. Ni chakula cha baba zetu. Lakini yafaa tujue habari ya ugonjwa mmoja utokao kwa wanyama.

Mwaka 1958 kima waliofungiwa katika nyumba ya uchunguzi huko Copenhagen walitokwa na vipele mfano wa ndui. Ugonjwa ukaitwa ndui ya nyani. Jina hilo limewadanganya wengi, maana kima huugua kama sisi tu.

Mwaka 1970 ulionekana kwa mtu mara ya kwanza, hapa Kongo: mtoto wa miezi 9 huko Basankusu, ambaye hakuchanjwa. Toka 1981 hata 1986 waganga walipita vijijini wakiuliza: Nani ameota vipele? Alishika mnyama gani? Waliandika wagonjwa 338. Tena walipima wanyama, na mwaka 1985 wakavikuta virusi katika kindi mgonjwa. Kumbe, si mnyama wa msitu wa mbali, bali yule anayezunguka mashamba na michikichi yetu, ambaye watoto humtega!

Sasa tutazame jambo zito. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani, na chanjo yake ikaachwa. Nayo ilikuwa ikikinga hata ndui ya nyani, karibu watu 85 kwa 100. Basi wazee wenye kovu la chanjo wanayo ngao. Watoto wao hawanayo. Mwaka 1996 ugonjwa ukawashika wengi huko Katako-Kombe, kwa jirani zetu wa Sankuru.

Kuanzia 2022 dawa moja ilijaribiwa Tunda, katika Maniema yetu, na Kole. Haikuharakisha kupona. Lakini kati ya wagonjwa waliolazwa na kutunzwa vema, walikufa chini ya 2 kwa 100, ambapo nchini walikuwa wakifa karibu 4.

Basi ndugu, mashine za uchunguzi ziko mbali, lakini macho ya kwanza ni ya mwindaji na ya mama jikoni. Mnyama aliyeokotwa amekufa asiliwe. Mtoto mwenye homa na vipele apelekwe upesi kituo cha afya, na habari itolewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.