Dungu, Mtumbwi na Mlau: Kaya za Rufiji na Mafuriko

Mto Rufiji hupokea maji ya karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero peke yake huchangia zaidi ya nusu ya maji hayo. Luwegu huja kutoka kusini, na Ruaha Mkuu huleta ya Usangu na nyanda za Iringa. Mto ukishapenya korongo la Stiegler hukuta ardhi tambarare inayoshuka polepole hadi kwenye delta na mikoko ya Bahari ya Hindi. Masika yakikolea, mto hufura, hupanda kingo zake na kutanda bondeni. Kilele chake mara nyingi huwa Aprili.

Kwa Warufiji maji hayo yalikuwa msimu, kama vuli na kiangazi zilivyo misimu. Yalimwaga tope jipya mashambani na kuyajaza maziwa ya pembeni, kama Utunge, Ruwe na Zumbi, ambamo samaki walizaliana. Maafa yalikuja kwa njia tatu: maji yalipopanda kupita kiasi, yalipowahi kabla mpunga haujarefuka, au yalipokosa kuja. Kaya ya mkulima asiye na fedha ilipaswa kujikinga na yote matatu kwa pamoja, kwa miti, udongo, kamba na nguvu za jamaa.

Kinga ya kwanza ilikuwa dungu. Hii ni nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, sakafu yake ikiwa kwenye kimo cha mtu au zaidi. Nguzo zilichimbiwa chini sana ili mkondo usiziyumbishe. Juu yake zililazwa boriti, kisha fito zilizopangwa kwa kubanana na kufungwa kwa kamba za magome. Paa liliezekwa kwa nyasi. Pembeni mwa sakafu kilishindiliwa kitako cha udongo, na juu ya udongo huo mama aliweka mafiga yake na kupika huku maji yakipita chini ya miguu. Moshi ulipanda kwenye dari, ulikoning'inizwa mahindi ya mbegu yakiwa na maganda yake ili wadudu wasiyatoboe. Ngazi ilikuwa ya miti miwili na vipago, na chini yake mtumbwi ulifungwa kwenye nguzo. Mafuriko yalipokuwa makubwa kuliko kawaida, watu walipandisha juu kuku na vyombo, na mtumbwi ukawa njia ya kwenda kwa jirani.

Ujenzi wa namna hiyo haukudai msumari wala bati. Ulidai siku kadhaa za kazi ya ndugu na majirani, na chakula cha kuwalisha. Tena dungu halikukaa bure likisubiri maafa: katika miezi mingine lilikuwa kituo cha kulinda shamba dhidi ya ndege, nyani, nguruwe pori na viboko. Hapa ndipo ulipokuwa werevu wa mpango mzima. Kaya maskini haiwezi kumudu chombo kinachotumika mara moja kwa miaka kumi, kwa hiyo kila kinga ya Rufiji ilikuwa na kazi yake ya kila siku.

Mtumbwi ulikuwa vivyo hivyo. Ulichongwa kwa gogo moja, ukasukumwa kwa upondo kwenye maji ya kina kifupi na kwa kafi kwenye maji mengi. Ulivusha watu na kubeba mavuno, ulivua kambale na perege, na siku ya hatari uliwaokoa wazee na watoto. Kaya isiyo na mtumbwi ilitegemea wa jamaa, na kwa sababu hiyo pia watu walijenga madungu yao kwa kufuata ukoo, yakiwa karibu kiasi cha mtu kuita akasikika.

Lakini akiba kubwa zaidi ilikuwa katika kalenda ya kilimo. Mpunga ulipandwa kwa mvua za kwanza, kwa kawaida Desemba na Januari, ili uwe umesimama vizuri kabla ya mafuriko kufika. Maji yalipopanda kwa kiasi, mpunga ulirefuka nayo na kuvunwa yaliposhuka. Yaliposomba kila kitu, kaya ilikuwa bado na nafasi ya pili: mlau. Kadiri maji yalivyorudi mtoni, wakulima waliyafuata hatua kwa hatua, wakichimba vishimo kwenye ardhi yenye unyevu na kutia mahindi, maharage au maboga. Mazao hayo yalikua wakati wa kiangazi bila tone la mvua, kwa unyevu uliobaki ardhini tu. Mwaka mpunga ulipozama, mara nyingi mlau ulikuwa mzuri, kwa kuwa maji yaleyale yaliyoharibu mpunga yaliloanisha eneo kubwa zaidi. Hivyo hasara ya Aprili ilifidiwa kwa mahindi ya mwisho wa kiangazi, mradi tu mbegu ilikuwa imesalimika darini.

Kaya nyingi pia hazikuweka shamba lote mahali pamoja. Kipande kimoja kilikuwa karibu na mto, kingine penye mwinuko kidogo, na muhogo ulipandwa kwenye ardhi ya juu ambako maji hayafiki. Muhogo huweza kukaa ardhini muda mrefu ukisubiri kuchimbwa, kwa hiyo ulikuwa ghala lisilohitaji kujengwa. Mvua ilipopungua na mto usipofurika, muhogo na samaki wa maziwani ndivyo vilivyoivusha kaya.

Mpango huu ulikuwa na sharti moja kubwa: watu wawepo shambani kwa wakati wake. Dola ya Wajerumani ilipolazimisha kilimo cha pamba mwanzoni mwa karne ya 20, sharti hilo lilivunjwa. Siku zilizopotea kwenye pamba zilikuwa siku ambazo shamba la chakula halikupaliliwa wala kulindwa dhidi ya nguruwe. Chuki dhidi ya pamba hiyo ilichangia uasi: Ngarambe, alikoishi mganga Kinjikitile Ngwale na kugawa maji yake ya uganga, iko katika nchi hiyohiyo ya Rufiji, na Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilizuka katika vilima vya Umatumbi, kusini ya bonde, Julai 1905. Kulipiza kisasi, majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na maghala na kuharibu mazao. Njaa iliyofuata kusini mwa nchi iliua watu wengi kuliko risasi. Kaya iliyochomewa mbegu ilikuwa imepoteza mavuno ya msimu unaofuata pia.

Pigo la pili lilikuja kwa nia njema. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliamua kuwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka kwenye ardhi ya juu, hasa kaskazini ya mto, katika vijiji kama Ikwiriri na Mkongo. Operesheni Rufiji ilikuwa miongoni mwa uhamishaji mkubwa wa mwanzo wa enzi ya Ujamaa. Hoja zake zilieleweka: watu wasizame, watoto wapate shule, wagonjwa wapate zahanati, misaada ya chakula ikome. Shule na zahanati zilikuja kweli, na hakuna sababu ya kuzidharau.

Hata hivyo udongo wa juu ni wa kichanga, na hauna tope la mto. Mikorosho ilistawi huko, lakini mpunga na mlau vilibaki bondeni. Mkulima sasa alitembea saa nyingi kufika shambani, au alirudi kuishi kwenye dungu kwa msimu mzima huku watoto wa shule wakibaki kijijini na bibi yao. Mwenye nguvu kazi chache aliliacha shamba la mbali, na nguruwe na ndege wakala lisilolindwa. Uhamishaji uliwaepusha watu na maji lakini ukawaweka mbali na chakula, na hilo lilikuwa kosa la kupima hatari moja tu kati ya tatu ambazo kaya zilizijua siku zote. Madungu hayakutoweka. Yaliendelea kujengwa, safari hii kama makao ya msimu, na watu wa visiwa vya delta walibaki kwao, katikati ya maji.

Mafuriko nayo hayakukoma. Yale ya mwaka 1974 yalikuwa makubwa sana, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zililifunika tena bonde. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji kwenye korongo la Stiegler, kwa ajili ya mtambo wa umeme wa megawati 2,115. Mto ambao kalenda yake ilisomwa kwa mvua sasa unasomwa pia kwa milango ya bwawa. Aprili 2024, katika masika ya mvua kubwa, maji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na maelfu ya watu walihitaji hifadhi na chakula.

Kwa mkulima wa mlau, taarifa ya lini maji yataachiwa na kwa kiasi gani sasa ni muhimu kama mbegu iliyo darini. Dungu, mtumbwi na shamba la muhogo bado anaweza kuviandaa kwa mikono yake na ya jamaa zake. Taarifa hiyo hawezi kujitengenezea. Lazima wanaoendesha bwawa wamfikishie mapema, hadi kijijini.