Lenzi moja kwa safari ya Ipinda: Uwezo na mipaka yake

MSAFIRI anayeteremka kutoka Tukuyu kupitia Masoko hadi Ipinda, wilayani Kyela, hukutana na mengi ya kupiga picha kwa muda mfupi: ziwa lililomo ndani ya kreta, mashamba ya mpunga na kakao, safu ya milima ya Livingstone na hatimaye ufukwe wa Matema katika Ziwa Nyasa. Mlima huhitaji lenzi inayoona eneo pana, ilhali furukombe aliyetua juu ya mti huhitaji lenzi inayovuta mbali.

Lenzi ya zumu ya matumizi yote hufanya kazi zote mbili. Kampuni ya Tamron ya Japani ilitoa yenye milimita 28 hadi 200 mwaka 1992. Mwaka 2005 Nikon ilitangaza ya milimita 18 hadi 200, na mwaka 2017 Tamron ikafikia 18 hadi 400. Namba ndogo huchukua eneo pana. Namba kubwa husogeza karibu kilicho mbali.

Faida yake kubwa ni kwamba mpiga picha halazimiki kubadili lenzi njiani. Kila lenzi inapotolewa, vumbi laweza kuingia ndani ya kamera na kuacha madoa katika picha zinazofuata. Kyela nako hunyesha mvua nyingi, na kandokando ya ziwa wadudu wadogo huinuka kutoka majini kwa makundi yanayofanana na moshi.

Hata hivyo, urahisi huo hulipiwa kwa mwanga. Tundu la lenzi ya namna hii huwa f/3.5 katika milimita 18, lakini hufikia f/6.3 lenzi nyingi za aina hiyo zinapovutwa hadi mwisho. Mwanga unaoifikia picha hupungua hadi chini ya theluthi moja.

Kanuni ya zamani husema kwamba anayeshika kamera mkononi katika milimita 200 atumie kasi isiyopungua sehemu 1 ya 200 ya sekunde. Kidhibiti cha mtikisiko humsaidia kwenda chini ya hapo, lakini hutuliza mkono wa mpiga picha tu, si bawa la ndege. Mdiria anayeruka huhitaji sehemu 1 ya 1,000 au zaidi, jambo linalolazimu kupandisha ISO hadi 800 au 1,600 na kuvumilia chengachenga kidogo. Aidha, kwa kuwa milima ya Livingstone iko mashariki mwa Matema, jua la asubuhi huchelewa kuufikia ufukwe.

Mtihani mgumu zaidi uko katika misitu ya Mlima Rungwe, makazi ya kima aitwaye kipunji. Wenyeji Wanyakyusa walimfahamu kabla wanasayansi hawajamtambua mwaka 2003. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya kwa kutegemea picha, kwani mwili wa kuchunguzwa ulipatikana baadaye. Picha isiyoonyesha kishungi cha kichwani na manyoya yake marefu isingethibitisha lolote. Chini ya kivuli cha miti mirefu, f/6.3 huleta picha hafifu. Stendi ya miguu mitatu na subira husaidia, lakini lenzi yenye tundu kubwa zaidi husaidia zaidi.

Lenzi ndefu pia isiwe njia ya kumpiga mtu picha kwa siri. Wafinyanzi Wakisi wa Ikombe, jirani na Matema, waombwe ruhusa kwanza, kisha mpiga picha asogee na kutumia milimita 35 au 50, ambako tundu bado ni kubwa kiasi.

Kwa hiyo, anayekwenda Ipinda na Matema kutazama nchi, watu na ndege wa ufukweni atatosheka na lenzi moja. Anayemfuata kipunji msituni aongeze ya pili.